Barua kwa mwanangu: mapaa mawili mwezi mmoja

Marahaba mwanangu. Ile voisi uliyonitumia juzi usiku, kwamba mnataka kununua nyumba, nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nikafurahi, ya pili nikaanza kupiga hesabu, ya tatu nikaenda kutafuta daftari. Nimeona bora niandike yote mahali pamoja maana kwa simu baba'ko atadaka aanze kukuuliza habari za mpira na bando litaisha hatujafika popote.

Nyumba nimeiona kwenye picha, zile za Leicester huko Uingereza zilizoshikana ukuta kwa ukuta, vyumba vitatu, paundi 235,000. Nzuri. Mtaa wenyewe naujua, nilikuwa napita na basi nikienda zamu ya usiku. Sasa ngoja nikwambie kitu ambacho sijawahi kukwambia vizuri, ulikuwa mdogo.

Ile flati tuliyokuwa tunakaa niliinunua 2006, miaka mitano tangu nifike Uingereza. Nilikuwa na kianzio, nilikuwa na kazi mbili, benki ikanikubalia nikajiona nimemaliza. Sikuelewa kwamba flati ile ni lizihold, yaani unanunua kukaa kwa miaka fulani, jengo lenyewe lina mwenyewe, na kila mwaka unalipa savis chaji ya ngazi na taa na bustani ambayo hata huikanyagi. Basi mwaka mmoja ikaja barua, bahasha ya kahawia, paa la jengo zima linatengenezwa na mgao wangu ni paundi 4,600. Nilisoma nimesimama na koti bado liko mwilini. Na wiki ile ile, mwanangu, wiki ile ile nilikuwa nimetoka kutuma hela ya bati na kenchi za nyumba ya Tanga, kwa sababu fundi alisema mvua za vuli zikianza kabla ya kuezeka kuta zitaharibika. Mapaa mawili mwezi mmoja. La Tanga niliezeka, la Leicester nikakopa kwa kadi, na ile kadi nilikuja kuimaliza miaka minne baadaye. Ukikumbuka ule mwaka ambao hatukuwasha hita mpaka saa moja jioni na nilikwambia ni kwa ajili ya mazingira, haikuwa mazingira.

Kosa halikuwa kujenga nyumbani. Kosa langu ni kwamba nilikuwa na bajeti mbili, moja ya kuwaonyesha benki na moja ya kichwani, na hizo mbili hazikuwahi kukutana kwenye karatasi moja. Ya benki ilisema nina hela. Ya kichwani ilijua kuna ada ya mtoto wa dada, kuna bati, kuna msiba, kuna mtu anaoa.

Kwa hiyo wewe na mume wako kaeni chini muandike kila kitu, na sisi tuandikeni. Nisikie vizuri. Mstari wa kwanza kodi ya nyumba mnayokaa, wa pili kodi ya kaunseli, yaani halmashauri, umeme na gesi, chakula, nauli, wa mtoto nasari, halafu mstari wetu: Tanga. Hizo 150 unazotuma kila mwezi, ada ya binamu yako, na michango ya yale magrupu ya WhatsApp ambayo kila wiki kuna harusi ama kumbukumbu ya arubaini. Benki ikitaka taarifa za akaunti za miezi mitatu itaona kila muamala unaokwenda nje, na wakiona unakwenda kila mwezi wanaweza kukuuliza huyu unayemtumia anakutegemea? Usidanganye. Sema ni wazazi wangu na nina kiwango changu. Lakini kiwango chenyewe kiwepo.

Mimi nakipunguza mwenyewe. Kuanzia mwezi ujao tuma 80. Zile fremu mbili za mbele zimepata watu, mmoja anauza vipodozi mwingine wakala wa pesa, kodi wanalipa miezi sita sita, tunakula. Ada ya binamu yako nimeshaongea na mama'ke mdogo, muhula huu tunagawana. Na mjomba'ko akikupigia na ile habari yake ya pikipiki mwambie hela yote iko kwa mama, mwache aje kwangu, mimi namjua.

Haya tuje kwenye hesabu. Kianzio cha asilimia 10 ni 23,500. Mkiweka asilimia 5 ni 11,750, na najua inawavuta kwa sababu hiyo mnayo tayari, lakini wenye asilimia 5 huwa wanapewa riba ya juu na kutakuwa hakuna kilichobaki cha wakili, cha mkaguzi wa nyumba, cha gari la kuhamisha vitu. Mimi nisingegusa nyumba bila kuwa na 3,500 pembeni za hayo mambo mbali na kianzio, na nyingine elfu mbili na nusu za boila, ule mtambo wa kupasha maji na nyumba joto. Boila haifi Julai mwanangu. Inakufa Januari.

Mkikopa hizo 211,500 kwa miaka 30, kwa riba ya asilimia 4.5 rejesho ni kama 1,070 kwa mwezi. Ikipanda mpaka 6.5 inakuwa karibu 1,340. Usiseme haiwezi kupanda. Mwanzoni mwa Desemba 2021 riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa 0.1, Agosti 2023 ikawa 5.25, na rafiki yangu mmoja tuliyekuwa tunafanya naye zamu, mkataba wake wa riba isiyobadilika uliisha katikati ya kipindi kile kile, alinipigia analia. Fanyeni hivi: leo mnalipa kodi 950, jifanyeni tayari mnalipa 1,340, hiyo tofauti ya 390 iwekeni kwenye akaunti nyingine kila tarehe ya mshahara kwa miezi sita bila kuigusa. Mkiweza mtakuwa na zaidi ya elfu mbili na mtakuwa mmejijua. Mkishindwa mwezi wa pili, hiyo nyumba ni kubwa kwenu, tafuteni ya vyumba viwili wala hakuna aibu.

Ile Lifetime ISA yako, akaunti ya akiba ya kununulia nyumba ya kwanza, endelea nayo, mwaka wa kodi unaruhusiwa kuweka mpaka 4,000 na serikali inaongeza robo yake, yaani 1,000 ya bure, ukiijaza yote. Mume wako naye afungue ya kwake kabla hajatimiza 40, kila mtu na yake, ila lazima ifikishe miezi 12 ndo itumike kununua nyumba. Na msiitoe kwa dharura! Ukiweka 4,000 ikawa 5,000 halafu ukaitoa kwa mambo mengine wanakata robo ya yote, unabaki na 3,750, umepoteza na ya kwako juu. Hela ya dharura ikae kwingine, hata kwenye kijumbe cha kina mama wa msikitini, ila hakikisha zamu yako ya kupokea haiangukii baada ya siku ya kusaini.

Sasa hili ndilo nililotaka hasa.

Unakumbuka baba'ko alipougua, tukakaa kikao pale ukumbini, ukasema kwenye hati ya nyumba ya Tanga jina lako liingie pamoja na la kaka'ko, nikakataa mbele ya watu. Ulinuna mwezi mzima. Najua ulidhani nampendelea kaka'ko kwa sababu ni mwanaume. Haikuwa hivyo, na kosa langu ni kutokukueleza siku ile ile, nilikuwa nimechoka na hospitali. Kule Uingereza anayeitwa mnunuzi wa kwanza ni mtu ambaye hajawahi kumiliki nyumba popote duniani. Siyo Uingereza tu. Popote. Hata sehemu tu, hata ya kurithi, kwenye ile kodi ya ununuzi, ambayo anayenunua nyumba anailipa serikalini, wanaihesabu. Jina lako lingekuwa kwenye hati ya Tanga, bonasi ya Lifetime ISA ya kununulia nyumba ungeikosa, na msamaha wa kodi usingeupata. Kwa nyumba ya 235,000 mnunuzi wa kwanza halipi kitu, msamaha unaanzia chini mpaka 300,000. Asiye wa kwanza analipa 2,200. Na kama hiyo sehemu yako ya nyumba nyingine ina thamani ya paundi 40,000 au zaidi wanaongeza asilimia 5 ya bei yote, yaani 11,750 zaidi. Kianzio chako kimeondoka kwa ajili ya jina kwenye karatasi. Haki yako ipo, baba'ko anajua na kaka'ko anajua, tumeongea watatu.

Ila sasa muulize mume wako, kwa upole, siyo kwa kumkaba. Mkinunua pamoja lazima wote wawili muwe wanunuzi wa kwanza ndo msamaha upatikane. Kiwanja kitupu hakina shida, shida ni nyumba. Ile nyumba ya marehemu baba yake kule Muheza imeshagawanywa au bado? Jina lake limo? Mambo haya mwambieni wakili mapema, msisubiri ajue mwenyewe.

Kitu kingine kidogo, jiandikishe kwenye daftari la wapiga kura hapo kaunseli. Mtanzania anayeishi kule kihalali anaruhusiwa kupiga kura kwa sababu sisi ni Jumuiya ya Madola, na jina likiwepo kule kredit skoo yako, yaani alama za kuaminika kwenye mikopo, inakaa vizuri. Mimi nimekaa miaka sita sijui.

Kuhusu riba, uliniuliza na nimekaa nalo. Mimi wakati wangu nilichukua mkopo wa kawaida, Mwenyezi Mungu anisamehe, sikujua kama kuna njia nyingine. Siku hizi kuna mabenki ya Kiislamu kule, benki inanunua nyumba pamoja na wewe, unalipa kodi kwenye fungu lake huku unanunua fungu hilo kidogo kidogo mpaka liwe lako lote. Zamani ilikuwa unatozwa kodi ya ununuzi mara mbili kwa sababu nyumba inauzwa mara mbili, sheria ya 2003 ikaondoa hilo. Lakini kianzio huwa wanataka kikubwa zaidi, na malipo ya mwezi pia linganisha, yasikushtue. Hilo amueni wenyewe na mume wako, sitaki kusikia kwamba mama alisema.

Na kabla ya yote hayo soma kama ni frihold, yaani nyumba na ardhi yake vyote vinakuwa vyako. Nyumba ya ukuta kwa ukuta mara nyingi huwa hivyo, lakini soma. Ukiona neno savis chaji mahali popote nipigie hata kama ni saa nane za usiku huku.

Jumamosi mkienda kuiona tena nipigie video. Usinionyeshe jiko, jiko kila dalali analipiga picha. Nionyeshe dari ya chumba cha nyuma, nionyeshe ukuta nyuma ya kabati, sogeza kabati kabisa hata kama dalali atakunja uso, na ingekuwa mvua inanyesha siku hiyo ningefurahi zaidi. Ukuta wa nje wa chumba kile mlichosema cha mtoto weka kiganja, ukiona kimetoka na unyevu usiseme kitu, toka nje kwanza ndo uniambie.

Baba'ko anakusalimia. Anauliza huko nyuma kama kuna pa kupanda mchicha.

Mama