Mama, sababu ya pesa kutokuja

Uingereza, 24 Machi 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, swaumu inakwenda vizuri na presha imetulia. Mjukuu wako hajambo. Amefunga siku mbili hadi adhuhuri na anataka uzihesabu kuwa siku moja kamili. Mimi pia ni mzima.

Kaka, najua wewe ndiye utakayemsomea. Tafadhali soma yote, usiruke mahali, hata ukiona mama amenyamaza.

Tangu Desemba sijatuma kitu. Mara ya kwanza nilisema mshahara umechelewa. Mara ya pili nikasema benki ina hitilafu. Januari ndiyo nikaacha kabisa kupokea simu, nikawa naandika tu "niko kazini, nitapiga". Mama, ule wote ulikuwa uongo, na umenikaa kooni miezi mitatu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nafuatwa na madalali wa mahakama. Nikisema dalali wa mahakama unajua ninachosema: wale wanaokuja na karatasi mkononi kuandika vyombo vya mtu. Na huku wapo.

Nianze mwanzo. Nilipofika mwaka 2022 nilipanga chumba katika nyumba ya watu sita. Nilichokuwa nalipa kwa mwezi kilikuwa na kila kitu ndani yake: maji, umeme, taka. Mei mwaka jana mtoto alipokuja nikachukua nyumba ndogo ya peke yetu, ghorofa ya kwanza. Nikajipanga kwa pango, umeme na gesi. Sikujua kwamba kuna kodi ya halmashauri, na kwamba anayeilipa ni yule anayeishi ndani, hata kama ni mpangaji. Kule kwenye nyumba ya watu sita mwenye nyumba ndiye alikuwa akiilipa, basi mimi hata jina lake sikuwahi kulisikia. Barua ya kwanza ilipokuja nikaona neno moja tu, kodi, nikajisemea kodi nimeshalipa tarehe moja. Kiswahili chetu kinaziita zote kodi, ya mwenye nyumba na ya serikali, na mimi nilikuwa bado nafikiri kwa Kiswahili huku nasoma Kiingereza.

Hapo kwetu kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Ukinunua umeme imeshakwenda, utake usitake, na mpangaji analalamika kuwa kamlipia mwenye nyumba. Huku hakuna LUKU ya kukukata. Wanakuandikia, halafu wanasubiri. Nyumba zimepangwa madaraja, A mpaka H, kwa thamani iliyokuwa nayo nyumba mwaka 1991. Yangu ni A, daraja la chini kabisa, na bado kwa miezi 11 nilitakiwa pauni 1,272.

Sikulipa hata pauni moja. Wala si kwa ukaidi, Mama. Barua zilikuwa zinaingia kwa kitundu cha mlango, natoka shifti nimechoka, naziona zimelala sakafuni, bahasha za kahawia zenye kidirisha. Naziokota naziweka juu ya jokofu. Nilikuwa najiambia Jumapili nitakaa nizisome. Jumapili nikawa natafuta shifti ya ziada, maana ulishaniambia kuhusu mabati ya paa lako linalovuja.

Kumbe kila bahasha ilikuwa na siku zake. Kikumbusho kinakupa siku 7. Zikipita, unapoteza haki ya kulipa kwa awamu na wanadai mwaka mzima kwa mkupuo. Kisha inakuja samansi ya mahakama. Siku ya kesi yangu nilikuwa kwenye kazi yangu ya kutunza wazee, namwogesha bibi mmoja wa miaka 91, sina habari. Mahakama ikatoa amri kwamba nadaiwa, gharama zikaongezwa pauni 82, na amri ile ndiyo iliyowapa madalali nguvu. Wao nao wana bei zao kwa mujibu wa sheria: barua yao ya kwanza tu ilinigharimu pauni 75. Walipofika mlangoni, pauni 235 nyingine. Fikiria, Mama, kule kugonga mlango tu ni zaidi ya ninachokutumia kwa mwezi.

Walikuja Januari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sheria inawaruhusu kuanzia saa kumi na mbili alfajiri mpaka saa tatu usiku. Nje bado giza totoro na barafu imeganda kwenye ngazi. Mtoto amevaa sare ya shule, soksi mguu mmoja, nyingine anaitafuta. Kila asubuhi jirani yangu, mama mmoja Mkongo wa Bukavu, humchukua nikienda kazini, kwa hiyo kulipogongwa nikajua ni yeye. Nikafungua. Alikuwa mwanamume mrefu, ana kamera ndogo kifuani inawaka taa nyekundu. Akanitaja jina langu lote, na la babu. Akasema nadaiwa pauni 1,664, nilipe sasa hivi kwa kadi au ataingia kuandika vitu.

Mnyororo wa mlango ulikuwa bado umefungwa, namshukuru Mungu. Nikamwambia sina. Akasema basi atarudi na fundi wa kufuli, na kwamba watu hufungwa kwa deni hili. Nilikuwa natetemeka, meno yanagongana, na hata sijui ilikuwa baridi au woga. Mtoto akanishika gauni kwa nyuma akaniuliza kwa Kiswahili, polepole, ili yule mtu asisikie: "Mama, tumeiba?"

Nikafunga mlango. Yule bwana akashuka chini. Nikasikia chuma kinalia kwenye lami, nikachungulia pembeni ya pazia: anafunga tairi la mbele la gari langu kwa chuma kikubwa cha njano, kama mtego wa nguruwe, halafu akabandika karatasi kwenye kioo. Gari lile ni la pauni 900, linavuja mafuta, lakini ndilo linalonifikisha kwa wazee sita kabla ya saa sita mchana. Mzee wa kwanza hawezi kuinuka kitandani bila mimi. Siku ile nilimfikia saa tatu na robo, kwa mabasi mawili, na nikamkuta amelowa, analia. Hilo limeniuma kuliko gari.

Mama, nikiwa pale nyuma ya pazia nilimkumbuka marehemu baba. Ulikuwa ukitusimulia habari za kodi ya maendeleo, mgambo wanakuja alfajiri kusaka wanaume, baba anatoka kwa mlango wa uani kuingia kwenye mihogo, na wewe unasimama kizingitini unasema hayupo, amekwenda Pangani. Ile kodi ilifutwa mwaka 2003, na sisi tulikua tukiicheka ile hadithi. Siku ile sikucheka. Nilielewa kwa nini hukuwahi kuisimulia ukiwa umekaa. Ulikuwa unasimama kila mara unapofika mahali pa mlango.

Yule mama wa Bukavu ndiye aliyenitoa. Alipomchukua mtoto aliniona sura, akaniuliza, nikamwambia yote pale pale kwenye ngazi. Yeye alishapitia hayo mwaka wake wa pili. Akaniambia kwa Kiswahili chao, "Usifungue mulango tena. Hawa watu hawana ruhusa ya kuvunja. Ongea nao kwa dirisha." Jioni ile nilitia barua zote kwenye mfuko, bahasha 14, tisa hazijafunguliwa, na kesho yake akanisindikiza ofisi ya Citizens Advice. Ni watu wanaotoa ushauri bure. Aliyenihudumia ni mzee mwenye miwani ya kamba shingoni. Alizifungua bahasha zangu moja moja kwa kisu cha barua, akazipanga mezani kwa tarehe. Hakunigombeza hata mara moja. Nilimwona mkono wake ukisita kwenye ile samansi, basi.

Pale ndipo nilipojifunza mambo ambayo ningeyajua Juni ningelala usingizi. Kwa kodi hii dalali hawezi kuvunja mlango kuingia mara ya kwanza. Hawezi kupita dirishani, hawezi kukusukuma, na kama ndani kuna watoto peke yao hatakiwi kuingia kabisa. Hatari ni kumkaribisha, au kusaini karatasi yake ya vitu. Ukishasaini na ukashindwa kulipa, sasa anaweza kurudi na fundi wa kufuli kweli. Kitanda, nguo, jiko, jokofu la nyumbani hagusi. Na kifaa cha kazi, gari likiwemo, kama vyote pamoja havizidi pauni 1,350, hagusi pia. Gari langu la pauni 900! Tukaandika barua siku ile ile, tukaambatisha na ya mwajiri wangu, kwa sababu muda wa kupinga ni siku 7. Siku ya nne chuma kikaondolewa.

Dalali hana uwezo wa kumfunga mtu, hilo nalo alinieleza. Sheria ya huku England inaruhusu bado hakimu amfunge hadi miezi mitatu anayekataa kulipa makusudi, lakini ni baada ya kumwita na kumuuliza hali yake. Wale wa Wales waliifuta mwaka 2019. Kumtishia mtu jela mbele ya mtoto wa miaka tisa, kwa maoni yangu, ni dhuluma, na nimeandika malalamiko.

Akanitafutia pia ule mpango wa serikali ulioanza 2021, unaompa mdaiwa siku 60 za kupumua: hakuna kugongewa, hakuna gharama kuongezwa. Siku zile ndizo tulizozitumia. Aliniuliza naishi na nani. Nikasema na mwanangu. Akaweka kalamu chini. Mtu mzima mmoja ndani ya nyumba anapunguziwa robo ya kodi, na watoto hawahesabiwi. Nilikuwa nimedaiwa kama watu wazima wawili mwaka mzima kwa sababu tu sikuwaandikia. Nikaogopa, maana viza yangu hainiruhusu kugusa fedha za umma. Akanionyesha tofauti: punguzo wanalopewa wenye kipato kidogo linahesabika ni fedha za umma, hilo nisiliombe, hii robo ya anayeishi peke yake haimo. Zikatoka pauni 318. Deni likabaki 1,346, na wiki iliyopita tumekubaliana pauni 112 kwa mwezi, mwaka mmoja.

Sina chuki na kodi yenyewe, nataka ujue hivyo. Inazoa taka, inalipa zimamoto, na sehemu kubwa inakwenda kuwatunza wazee wasio na uwezo. Wale ninaowaogesha mimi. Kwa namna fulani mshahara wangu umo humo. Kinachoniuma ni zile pauni 392 za mahakama na madalali, kwamba mtu akishindwa kulipa dawa yake ni kumwongezea. Zingekuwa mabati, Mama.

Sasa hesabu, maana najua Kaka anaingoja. Kuanzia Aprili nina kodi ya mwaka mpya pia. Nimeomba waigawe kwa miezi 12 badala ya 10. Nikitoa hiyo na deni, nitaweza kutuma pauni 60, kama laki mbili kasoro kidogo. Naomba ya kwanza iwe dawa zako za presha, usizikate nusu nusu tena; dada aliniambia, usimkasirikie. Paa lisubiri. Masika ikianza, hamishia kitanda chumba cha mbele kusikovuja.

Na yule binti wa shangazi anayekuja Septemba kusoma, mwambieni hivi: mwanafunzi wa muda wote halipi kodi hii, lakini lazima achukue cheti chuoni akipeleke halmashauri mwenyewe. Asipopeleka watamwandikia kama walivyoniandikia mimi. Akifika nitakwenda naye.

Nimenunua faili la plastiki. Mtoto ndiye anayeokota barua sasa, ananiletea mezani, na hataki niinuke mpaka nimefungua. Jana ilikuwa ya daktari wa meno.

Nitapiga Ijumaa baada ya futari, saa mbili na nusu ya kwenu, na safari hii nitaongea na wewe mwenyewe. Ukitaka kunigombeza, nigombeze. Nimeikosa sauti yako tangu Desemba.

Nisalimie dada, shangazi, na majirani wote.

Mwanao, kitinda mimba wako