Kwenu wanangu mnaolea watoto gengeni

Wanangu mnaouza genge, akina mama lishe, na nanyi akina baba mnaobaki na mtoto mama yake anapokwenda sokoni, nawasalimu.

Nilikuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto hadi nilipostaafu, na swali mnaloniuliza mkipita hapa ni lile lile: "Bibi, muda wa kucheza na mtoto nitautoa wapi?" Muda huo unao tayari, umo ndani ya kazi unayoifanya. Unachambua mchicha? Mpe jani moja alishike, umwambie linaitwaje na kwamba ni la baridi. Akikujibu kwa vile visauti vyake, nyamaza amalize, kisha nawe umjibu. Akipumzika, mwache apumzike. Mazungumzo hayo ndiyo yanayomfundisha kusema, miezi mingi kabla hajatamka neno la kwanza.

Mtoto wa siku chache anaona vizuri kitu kilicho karibu naye, kama sentimita 20 hadi 30 hivi. Ndio umbali wa kutoka kwenye titi hadi usoni kwa mama yake. Basi ukimnyonyesha mtazame yeye, simu iweke chini. Akikaribia miezi miwili atakuchekea, na ukimchekea naye atataka tena.

Kanga yako nayo ni mchezo. Jifunike uso, uliza, "Mama yuko wapi?" kisha funua: "Huyu hapa!" Mdogo atafurahia sauti tu. Wa miezi 8 au 9 ataivuta kanga mwenyewe, kwa sababu sasa ameanza kuelewa kwamba kilichofichwa bado kipo. Mfichie kijiko chini ya kawa uone atakavyokihangaikia. Msimharakishe, wala msimfunulie nyinyi.

Vya kuchezea vimejaa jikoni: mwiko, kikombe cha plastiki, sufuria iliyopoa, kifuu kilichosuguliwa kikawa laini. Kila kitu atakipeleka mdomoni, ndivyo anavyokichunguza, kwa hiyo kioshwe na kiwe kikubwa asiweze kukimeza. Karanga, maharage, sarafu, vifuniko vya soda vikae mbali naye. Betri ndogo za saa na rimoti ziogopeni zaidi ya vyote, maana zinaunguza koo kwa ndani. Mkishuku tu kwamba ameimeza, kimbieni hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye beseni, maana najua mtoto wa gengeni hushinda humo, au mgongoni. Mgongoni ni pazuri, nasi sote tumelelewa huko. Anapata joto lako, anasikia sauti yako na kuona watu. Tatizo ni kushinda. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto mdogo asifungwe mahali pamoja, hata mgongoni, zaidi ya saa 1 mfululizo. Na ambaye hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho, jumla ya dakika 30 kwa siku au zaidi, kidogo kidogo. Tandika mkeka kivulini pembeni ya meza, mlaze hapo wakati wateja wamepungua, nawe uchuchumae umwite ainue kichwa. Shingo, mabega na mikono hupata nguvu hivyo. Lakini akisinzia mgeuze. Usingizi ni wa chali.

Mwongozo huo huo unakataa mtoto wa chini ya miaka 2 kuwekewa simu au televisheni atazame. Najua inamnyamazisha, na najua mnavyochoka. Hata hivyo simu haimsubiri ajibu, na kusubiriwa ndiko anakokuhitaji.

Vile vigari vya magurudumu anavyowekwa mtoto ati ajifunze kutembea, msihangaike kuvinunua. Canada ilivipiga marufuku mwaka 2004 kwa jinsi vilivyokuwa vikiwaumiza watoto, na havimfanyi mtoto atembee mapema. Hapo napo msilinganishe wa kwako na wa jirani. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wote wenye afya, na matokeo yakatolewa mwaka 2006: wapo waliotembea peke yao kwenye miezi 8, wengine wakafika miezi 17, na wachache hawakutambaa kabisa kwa magoti. Anayesimama dede leo mpeni kidole ashike, aende tata kwa mwendo wake.

Ila yapo yasiyongoja. Mtoto asiyeshtuka kwa kishindo, asiyekutazama usoni, anayelegea mno au kukakamaa, ambaye hakai mwenyewe ilhali amevuka miezi 9, au aliyekuwa akifanya jambo kisha akaliacha, mpelekeni kliniki bila kusubiri tarehe ya chanjo. Mkifika msiridhike na mizani peke yake. Mwelezeni muuguzi mlichokiona nyumbani, na mwombeni amtazame mtoto akicheza.

Bibi yenu,
Tanga