Roboti ijaribiwe kwanza ndani ya kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wanaojifunza kuunda roboti wasizidharau programu huria, yaani za bure na zilizo wazi kwa yeyote kuzisoma, za kuongoza na kuiga mitambo. Gazebo, programu ya kuiga roboti ndani ya kompyuta iliyoanza kuundwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Southern California, hukokotoa uzito, msuguano na mgongano wa viungo vya roboti kabla mtu hajanunua hata mota moja. ROS (Robot Operating System), programu ya kuongoza roboti ambayo maabara ya Willow Garage ilianza kuijenga mwaka 2007, hugawa kazi kwa programu ndogondogo zinazopashana habari: moja husoma kamera, nyingine huzungusha magurudumu, na ikizimika moja si lazima zote zife.

Mimi mwenyewe niliwahi kuunguza mota ya mkono wa roboti kwa kusahau alama moja tu ya kutoa katika hesabu ya pembe. Mkono ulikandamiza meza, ukang'ang'ania hapohapo mpaka moshi ukafuka. Ndani ya kompyuta kosa hilo lingeishia kwa kubofya kitufe na kuanza upya. Hata hivyo tusidanganyane, kwani sakafu ya kwenye skrini haina vumbi wala betri iliyochoka, na roboti iliyotembea vizuri humo yaweza kuyumba ikishushwa chini.

Wanaodai kwamba cha bure hakiaminiki, nawaomba waufungue msimbo wenyewe, yaani maagizo yanayounda programu, wausome, jambo ambalo programu nyingi za kulipia haziruhusu.

Wako,
Msomaji na fundi wa roboti