Shukrani kwa mzee aliyetuokolea miche ya michungwa, Muheza

Macho ya michungwa (vichipukizi vyenye kipande cha gome) tuliyobebesha, yaani kuunganisha, kwenye miche ya milimao yalikuwa yakikauka. Mzee mmoja, fundi wa vitalu, akaja na kugundua kiini: miche ina kiu, gome halibanduki. Ikamwagiliwa kwanza. Kisha kwenye shina nene kama penseli, sentimita 25 toka ardhini, akachanja gome kwa umbo la herufi T, akachomeka jicho chini ya gome hilo bila kugusa upande wake wa ndani, kikonyo cha jani kilichoachwa kwenye jicho kikiwa chini, akakaza nailoni. Kisu alikifuta kwa spiriti kila mche! Baada ya wiki 3, kikonyo kikidondoka kwa kuguswa, jicho limeshika. Kikinyauka na kung'ang'ania, limekufa. Hakupokea hata nauli. Ahsante sana, mzee wetu. Mafundi wengine, tafadhali pitieni vitalu vya majirani.