Barua kwa mwanangu: chawa uliyemtukana ni dereva wa lori

Zuhura mwanangu,

Marahaba, salamu yako nimeipata. Huku Temeke wote wazima, mama yako kaenda kwenye kikoba, bibi anakuulizia kila siku utadhani uko Ulaya kumbe uko Mwanza tu hapo. Nakuandikia huku pembeni mana kule kwenye grupu la ukoo hapafai tena, mjomba wako kajitoa juzi usiku baada ya wewe kumwita chawa, yani mtu wa kujipendekeza kwa wakubwa, shangazi zako wakaanza kutuma maua na dua za kutuliza watu, mada ikafia hapo hapo.

Najua utasema yeye ndo alianza kukuita mwanaharakati uchwara, tena kasema umetumwa. Kweli alianza, voisi noti zake nimezisikiliza zote mpaka ile aliyorekodi huku honi zinapigwa nyuma. Na sikugombezi kwa siasa zako, baba yako ni mtu wa siasa za kushoto, za kijamaa, tangu hujazaliwa na sitarajii kubadilika sa hivi magoti yanauma. Shida yangu ni kwamba ulikuwa na hoja nzuri mkononi afu ukaitupa.

Hebu rudi usome alichosema. Alisema tangu DP World, ile kampuni ya Dubai, waingie pale bandarini lori lake halikai tena siku na siku kwenye foleni likisubiri kontena. Basi. Hajasema mkataba mzuri, hajamsifia waziri, kasema foleni imepungua. Wewe ukamjibu na ubeberu mamboleo, mtaji wa kimataifa, sijui ukoloni wa kifedha, aya tatu bila nukta, alipokuuliza una maana gani ukamwambia chawa hawaelewagi. Watu wakaweka vicheko ukaona umeshinda. Zuhura, huyo ni mtu anayeendesha lori Dar mpaka Tunduma, analipwa kwa trip, siku gari likilala bandarini hiyo siku hana kitu. Kwenye posti zako kila siku tabaka la wafanyakazi, tabaka la wafanyakazi, sasa limekuja lenyewe kwenye simu yako na voisi noti ukalitukana!

Ungemuuliza swali moja tu. Mjomba, foleni imepungua, kwa hiyo trip zimeongezeka, je, hela yako ya trip imepanda? Au ni ile ile, ila usingizi ndo umepungua na tajiri wa lori ndo kanunua lingine? Angekujibu mpaka bando liishe. Hilo swali ndo siasa za kushoto zenyewe mama, faida imeongezeka, nani kaipata. Huhitaji neno mtaji wa kimataifa kuliuliza, na mtu wa upande wowote hawezi kukuambia umetumwa mana unamuuliza habari za mfuko wake.

Sasa tuje kwenye bandari yenyewe mana nimekaa pale tangu enzi za THA, ile mamlaka ya bandari ya zamani, na babu yako kabla yangu alikuwa kuli. Yeye ndo alinihadithia mgomo wa 1947, makuli wa Dar waligoma mwezi wa tisa, reli nao wakaunga, ukapanda na njia ya reli mpaka huko bara. Watu hawana simu, hawana chama cha maana, wengi vibarua wa kutwa. Hawakuanza kwa kubishana nani kabila gani, walianza na posho ya siku. Mwaka uliofuata Unguja nako makuli wakagoma, wengi wao watu wa bara, mgomo ukaenea mjini kote. Nakutajia makusudi hilo la Unguja, utaona kwanini.

Mkataba wa Dubai ulipovuja mwezi wa sita 2023, siku za mwanzo nilifurahi sana. Vijana wanabandika kurasa, wanachora mstari mwekundu, wanajadili kifungu cha 23 kile kinachosema nchi haiwezi kujitoa hata upande wa pili ukikiuka vibaya. Huo ndo ubishi! Bunge likapitisha tarehe 10 Juni, na bado watu wanasoma tu. Afu taratibu mada ikahama, ikawa Waarabu wamerudi kutununua, mara Mzanzibari kauza mali ya bara (ndo mana nimekutajia makuli wa Unguja), mara padri kasema hivi shehe kajibu vile. Maaskofu Katoliki walitoa tamko mwezi wa nane, ndani yake mna hoja za mkataba kabisa, lakini mtandaoni likageuzwa ligi ya dini. Na wewe ulikuwemo, niliona ile posti yako ya meli za watumwa, ilipata laiki nyingi kuliko zile za kifungu cha 23 zote ukizijumlisha. Mtu ambaye hakutaka mkataba usomwe alilala usingizi mzuri wiki ile.

Angalia kilichofuata. Oktoba 2023 mikataba ya utekelezaji ikasainiwa Dodoma, DP World wakapata gati namba 4 mpaka 7 kwa miaka 30, tukaambiwa kutakuwa na mapitio kila miaka 5. Mwezi wa tano 2024 gati 8 mpaka 11, zile za makontena zilizokuwa za TICTS, kampuni binafsi iliyokuwepo kabla, zikaenda kwa kampuni ya ubia ya Adani wa India na bandari za Abu Dhabi, nayo miaka 30. Zuhura, kelele zilikuwa wapi? Nilikaa na simu nasubiri. Kimya, labda mtu mmoja wawili. Kama tatizo lilikuwa mali ya umma kwenda kwa kampuni, hii nayo ilikuwa ya kupigia kelele. Kama tatizo lilikuwa ni Mwarabu, na humu kuna Abu Dhabi, mbona hata hilo halikuonekana? Watu walishachoka kugombana wao kwa wao. Na kabla ya hapo tangu 2000 makontena yalikuwa kwa TICTS, wenye hisa kubwa Hutchison wa Hong Kong, mkataba wa kwanza ukaongezwa hata haujaisha. Hao si Waarabu wala si Wazanzibari. Sisi tuliokuwa pale ndani hatukuwa tunauliza bosi anatoka wapi, tulikuwa tunauliza nani anabaki kazini.

Afu kuna City Water, hii ukiitumia kwenye ubishi mtu wa upande wa pili anakosa pa kushika, sijui kwanini vijana hamuijui. Mwaka 2003 maji ya Dar yakakabidhiwa kampuni ya Waingereza na Wajerumani na mshirika wa hapa hapa, Benki ya Dunia ikiwa inasukuma. Mabomba hayakuwekwa kama walivyoahidi, mwezi wa tano 2005 serikali ikavunja mkataba. Wakatushtaki nje huko, na 2008 mabaraza ya usuluhishi hayakuwapa fidia. Sasa mtu akikwambia kifungu cha 23 ni maneno ya wanasheria tu, mwambie sawa, lakini kule kwenye maji tuliweza kuvunja. Je, hapa tungeweza? Serikali nayo ilijibu kwamba kuvunja kupo kwenye ile mikataba ya utekelezaji, hilo uliweke pia usilifiche, afu uulize ipo wapi tuisome, mana mimi sijaiona na nimeuliza hadi kwa jamaa zangu waliobaki pale getini.

Kuna kitu mjomba wako anakiweza kuliko wewe, samahani mama. Yeye anakumbuka bandari ilivyokuwa chini ya serikali. Ukimwambia zamani ilikuwa yetu anacheka, na ana haki ya kucheka. Meli zinangoja nje, karatasi moja inapita meza sita, kila meza ina mkono wa mtu, gari linatoka getini bila redio. Usije ukabishana na mtu wa namna hiyo ukijifanya mashirika ya umma yalikuwa peponi, atakumaliza mbele ya watu. Kubali hilo mapema uone ubishi unavyobadilika.

Kwa sababu wafanyakazi wenyewe walishalisema zamani. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikataza viongozi kuwa na majivuno na unyanyasaji, basi kwenye viwanda watu wakaubeba ule kama silaha, meneja akiwatukana wanazima mashine wanamsomea Mwongozo wa chama chake mwenyewe. Mwaka 1973 pale Mount Carmel Rubber wafanyakazi walimtoa mwenye kiwanda wakakishika wenyewe. Kwingine walipojaribu polisi wakaingia. Wazee niliowakuta kazini walikuwa wanalisimulia hilo kwa uchungu kuliko habari ya mkoloni, yani Azimio la Arusha limesema mali ni yenu, mkiishika mnakamatwa. Kwa hiyo ukiulizwa unataka bandari irudi kwa wale wale waliokuwa wanaiba, jibu unalo, hapana, nataka mahesabu yake yaonekane na wanaobeba mizigo wawe na sauti. Mali ya umma na mali ya wakubwa serikalini si kitu kimoja hata kidogo. Ubinafsishaji wenyewe mara nyingi walioupigania ni wale wale mameneja waliouwa shirika, wakatokea upande wa pili wakiwa na hisa.

Na polisi siyo mambo ya TANU tu. 2002 TANESCO ilipokabidhiwa Net Group wa Afrika Kusini waliingizwa ofisini kwa ulinzi wa polisi kwa sababu wafanyakazi walikuwa wamekataa. Ukisikia mtu anasema soko huria ni uhuru, mkumbushe hiyo picha.

Wakenya, pamoja na maringo yao, 2024 walitufundisha kitu. Muswada wa fedha ni kitabu kizito kinachosinzisha, lakini vijana wakaukatakata, wakautafsiri kwenye lugha za makabila, wakafanya video fupi fupi, mkate utakatwa VAT 16%, gari lako utalilipia 2.5% ya thamani yake kila mwaka. Mkate, Zuhura! Watu waliingia barabarani tarehe 25 Juni, wengine hawakurudi nyumbani, kesho yake Rais akasema hausaini. Na mwezi wa tisa huo huo mwaka wafanyakazi wa uwanja wa ndege wa Nairobi waligoma kupinga mpango wa Adani kuuchukua, na mwezi wa kumi na moja ukafutwa baada ya Adani kushtakiwa Marekani. Sisi tozo za miamala ya simu zilipoanza Julai 2021 tulifanya kidogo hivo hivo, na posti yako bora mpaka leo ni ile uliyopiga hesabu ya kumtumia bibi hela, makato ya kampuni, tozo, makato ya kutolea, akabakiwa na nini. Bibi mwenyewe ilimfikia kupitia kwa jirani. Mjomba wako huyo chawa aliisambaza kwenye grupu la madereva, hujui hilo. Mwezi wa tisa tozo zikapunguzwa 30%, baadaye zikazidi kupunguzwa.

Lingine ni la usalama na sitalirefusha. Sheria ya Makosa ya Mitandao ipo tangu 2015, na 2023 wakili na wanasiasa walikamatwa kwa kupinga mkataba huu huu. Sikwambii unyamaze. Nakwambia tusi ndo linawapa kisingizio, namba na kifungu vinawasumbua zaidi. Ukiwa huna uhakika na skrinshoti usiisambaze, mambo ya kuungaunga yamejaa sana siku hizi na ukishikwa na moja ya uongo zile kumi za kweli zote zinatupwa nayo. Na usibishane saa nane za usiku, naona muda kwenye meseji zako, kesho una kazi ya watu.

Wale wa akaunti zisizo na sura wanaokutukania mama yako waache, hawajaja kubishana, wengine ndo kibarua chao. Mimi ninaowazungumzia ni watu kama mjomba, mama ntilie, fundi, yule mwalimu mstaafu wa Korogwe anayekujibu kwa herufi kubwa zote. Hao wakikubishia maana yake wamekusoma mpaka mwisho.

Kuhusu mjomba, nimeongea naye asubuhi, nimemwambia utampigia. Usimtumie ujumbe, piga, na uanze na shikamoo kwanza mana ni kaka wa mama yako hata kama anampenda waziri. Yuko Makambako, gari limekufa klachi, tajiri anasema gharama ya kutengeneza itakatwa kwenye hela yake ya trip, na mkataba wa maandishi hana. Muulize hilo kwanza, bandari mtaongea baadaye.

Baba yako