Barua kwa Mwanangu Aliye Kwenye Baridi ya Winnipeg

Kibuye, Kisumu
Jumapili jioni

Mwanangu,

Mama yako ameniachia simu leo nisome mwenyewe ile barua pepe yako ya wiki jana. Siku zote hunisomea yeye, na sasa nimegundua kwamba huruka sehemu anazoona zitanipandisha presha. Ndiyo maana sikujua kuwa huko Kanada kumefika nyuzi 31 chini ya sifuri na bado ninyi wamisionari wa Kimormoni mnatoka kwenda kubisha milango ya watu na kuhubiri. Hapa leo ni nyuzi 30 juu ya sifuri. Nimepiga hesabu mara mbili nyuma ya boksi la filta: kati yangu na wewe kuna nyuzi 61.

Kilichonishika zaidi ni gari. Eti lina waya wenye plagi unaoning'inia mbele karibu na bampa, na usiku mnalichomeka kwenye umeme kama simu. Niliwasimulia vijana wa hapa gereji, wote wakasema hilo ni gari la umeme. Nikawaambia hapana, hiyo ni hita ndogo inayofungwa kwenye bloku ya injini. Inapasha moto maji ya rejeta usiku kucha, kwa sababu kwa baridi ya namna hiyo oili inakuwa nzito kama asali na betri inakosa nguvu ya kuzungusha stata. Na nikawaambia maji yenyewe si haya ya bomba tunayojaza sisi pale Kondele na kuendelea na safari. Yamechanganywa na dawa ya kuzuia yasigande. Maji yakiganda huvimba, na yakivimba ndani ya bloku, chuma hupasuka. Hayo nimeyajua kwa kusoma na kusikia. Miaka 26 nimeshika spana na sijawahi kuona injini iliyopasuliwa na barafu. Wewe uliyekuwa ukikimbia harufu ya grisi, wewe ndiwe unalala karibu na plagi hiyo! Nitumie picha yake. Na usafishe vichwa vya betri, usingoje gari likatae kuwaka ndipo ukumbuke una baba.

Mama yako yeye hana habari na gari. Linalomsumbua ni ule mto. Umesema mto mzima umeganda mpaka watu wanateleza juu yake kwa viatu vya chuma, na kule Ziwa Winnipeg watu wanatoboa barafu kwa keekee na kuvua samaki kwenye tundu. Alienda kuwaambia wenzake wanaouza samaki, wakacheka mpaka mmoja akaangusha beseni la omena. Swali lao ni moja: samaki wanaishije humo chini? Nilimweleza kwamba barafu huelea juu, na chini yake maji yanabaki maji. Alinitazama kama mteja anayeambiwa giaboksi imekufa.

Halafu hili la majina. Juzi wale vijana wawili wa kanisa lenu walipita hapa wakauliza, "Mzee hajambo?" Nikajibu sijambo kabisa. Kumbe wanakuulizia wewe, maana kanisani kwenu kila mmisionari wa kiume huitwa Mzee! Mimi mwenye mvi naitwa fundi, na mtoto wangu wa miaka ishirini ndiye Mzee, na kibandiko cheusi cha jina kifuani. Haya, Mzee.

Niseme na ile habari ya bibi jirani yenu. Kila theluji ikianguka, wewe na yule mwenzako Mfilipino mnaamka saa kumi na mbili na nusu, na kabla ya mafundisho yenu mnachukua makoleo kwenda kumfungulia njia kutoka mlangoni hadi barabarani. Alishawaambia mara ya kwanza kwamba dini hataki, na bado mnaenda. Mara ya tatu akawatolea kahawa, mkaikataa kwa kuwa dini yenu haiiruhusu. Nyuzi 31 chini ya sifuri, mtu anakupa kahawa ya moto, unakataa! Nilikuwa na kikombe changu cha chai mkononi nilipofika hapo, nikakiweka chini. Kisha nikasoma kwamba alirudi ndani akawapikia chokoleti ya moto, na wiki iliyofuata akawapa glavu alizofuma mwenyewe, zako zikiwa na kidole gumba kimoja kirefu kuliko kingine. Hapa nyumbani hukuwahi kushika fagio la uani bila kuitwa mara nne. Sisemi zaidi.

Lile koti tulilokununulia mitumba hapa Kibuye nasikia halikufaa kitu. Lilikuwa la mtu wa bodaboda, na baridi ya bodaboda ni ya alfajiri moja tu. Nafurahi mmepewa mengine. Ile familia ya Wakongo wanaokualika ugali, na kukucheka Kiswahili chako, wasalimie. Waambie na wao tunawacheka chao.

Sasa nifike penye uzito. Siku uliyoondoka sikufika uwanja wa ndege. Nilisema nina Probox ya mteja inayotakiwa kabla ya saa nane, na mama yako akakusindikiza peke yake. Ile Probox haikuwa na shida. Nilifungua giaboksi, nikaitazama, nikaifunga. Ndege ilipopita juu nilikuwa chini ya gari na spana namba 14 mkononi, sina nati ya kuifungulia. Nilikuwa nimekuwekea nafasi chuo cha ufundi, na moyoni nilikuwa nimeshaandika jina lako kwenye kibao cha gereji. Miaka miwili, nikasema, ya kutembea na kitabu bila mshahara. Hayo niliwaambia watu, wewe sikukuambia. Ndiyo sababu kila Jumatatu ukipiga simu mama yako anasema nina kazi. Mara nyingi nilikuwa nimekaa tu kwenye tairi.

Bado sijui niseme nini juu ya dini yenu. Jumapili ya kwanza ya mwezi mama yako hufunga, nami nala sahani mbili. Alipanda basi la usiku kwenda Nairobi kuliona hekalu la kanisa lenu lililowekwa wakfu Mei 2025, akarudi miguu imevimba na furaha tele. Sikumuuliza mengi. Nitamuuliza.

Kesho kutwa hii barua mama yako ataipiga picha aitume. Jumatatu ijayo, ukipiga saa nne asubuhi ya huko, hapa ni saa moja jioni. Gereji nitaifunga saa kumi na mbili. Simu nitaishika mimi.

Baba yako