Chakula cha mchana Alhamisi: tambi za Lanzhou, Xiaobei

Ndugu zangu wa Guangzhou, habari za kazi. Alhamisi hii tunakula pamoja kwenye ule mgahawa mdogo wa tambi za kuvutwa kwa mkono. Wenyewe ni Wahui, jamii ya Waislamu wa China, kila kitu ni halali, na supu yao ya ng'ombe ni safi kweli.

1. Tukutane kituo cha metro cha Xiaobei, laini ya 5, saa 6:10 mchana kamili. Ikifika 6:30 meza zimejaa.
2. Mchango ni yuani 25 kwa kila mtu, nitumieni kwa WeChat kabla ya kesho saa 2 usiku.
3. Chagueni mapema: nyembamba, za kati au bapa. Nyembamba hulainika haraka sana ndani ya supu, kwa hiyo anayekula taratibu achukue bapa. Bakuli likifika, kuleni papo hapo. Picha baadaye, tafadhali.
4. Pilipili ya mafuta huwekwa bila kuuliza. Asiyeiweza sana aseme “shao la”, yaani pilipili kidogo. Siki iko mezani, onjeni supu kwanza.

Andikeni hapa “Nipo” na aina ya tambi. Asiyekuja naye aseme, nipange meza.